Dakika Arobaini

Umeme ulikatika saa tisa kasoro kumi usiku,
ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena.
Shija mlinzi ndiye aliyenipigia:
"Dada, lile kabati lako linalia kama lililokwamwa na mfupa."

Nikatoka Isevya kwa bodaboda, kanga juu ya sweta,
nikaweka sikio kwenye bati.
Tik. Tik. Halafu kimya
cha mzinga uliohamwa.

Diski mbili kati ya nne zimekata roho,
ya tatu inakohoa.
Kanzidata ya barua za Ushirika,
miaka sita ya mizani ya tumbaku, madai ya mbolea,
asali ya Sikonge iliyokataliwa bandarini kwa unyevu,
pole za misiba, picha za mtoto wa fulani kwenye mahafali,
haikufungwa kwa adabu. Ilianguka katikati ya sentensi,
mdomo wazi.

Asubuhi meneja Kapaya akasimama mlangoni na chai yake:
"Itarudi?"
Nikasema, nipe kiti, kahawa, na diski ya kamera za geti.
Hakuuliza ya nini. Shija aliuliza.

Nilikuwa na nakala ya Jumapili.
Nasema bila kujisifu: mwezi uliopita nilikuwa na nia tu.
Na kwenye diski nyingine, ndogo, ya bei rahisi,
ile niliyodaiwa risiti yake mara tatu,
zilikuwepo shajara:
kila barua iliyoingia, kila iliyofutwa,
imeandikwa kwa zamu, kwa namba,
kama kazi ya karani wa mizani
asiyeamini kichwa chake.

Kazi yenyewe haina ushujaa.
Unairudisha Jumapili, kisha unaisomea Jumatatu.
Shajara ya kwanza, ya pili, ya mia tatu;
ukiruka moja, zote za nyuma yake ni porojo.
Mashine inasoma, wewe unangoja.
Treni ya Mpanda ikapiga honi, ikaondoka.
Nikala karanga. Nikasinzia, paji la uso juu ya kibodi,
nikaandika herufi j mara elfu moja na kitu.

Kuna amri nyingine, ya mkato:
hutengeneza kwa kutupa isichokielewa.
Usiku wa pili vidole viliniwasha.
Sikuibonyeza. Nani kanipa mimi
haki ya kutupa nisichokielewa?

Shajara ya mwisho ilikuwa imechanika.
Iliandikwa umeme ukitoka.
Dakika arobaini, kuanzia saa nane na kumi:
hizo hazirudi. Nikaziandika ubaoni kwa chaki,
tarehe na saa, kama kaburi.

Alfajiri ya Alhamisi nikawasha.
Barua za mbali hazikuwa zimepotea;
zilikuwa nje siku mbili, zikibisha hodi,
zikiondoka, zikirudi. Nikasema karibuni,
zikaingia mia nne na kumi na mbili kwa mkupuo,
feni zikavuma. Ndiyo, kama nyuki.
Nimechoka, nisameheni.

Saa tatu akaja mhasibu Nkwabi, akafunga mlango nyuma yake.
"Kuna barua niliituma usiku ule. Kwa meneja.
Saa nane na nusu."
Sikuuliza. Mtu haandiki saa nane na nusu usiku
kuomba vitabu vya risiti.
"Haipo," nikamwambia. "Si kwake, si kwako.
Unaweza kuiandika upya."

Akautazama ubao. Akaitazama ile diski iliyokufa,
niliyoilaza juu ya karatasi zisipeperuke.
Akavuta stuli.
"Karanga zimebaki?"

Nikamsogezea mfuko.
Nikachukua chaki, na chini ya zile dakika arobaini
nikaongeza: nunua betri.